Vitanda vingapi vya ICU? Ulinganisho wa njia za kuhesabu kwa hospitali za Mtwara na Lindi

Kila bajeti ya hospitali inapoandaliwa kuna mstari unaouliza idadi ya vitanda vya wagonjwa mahututi (ICU), na mara nyingi namba inayojazwa pale hutoka kwenye ramani ya jengo. Chumba kinaingiza vitanda sita, basi huandikwa sita. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, ule mkopo wa Sh trilioni 1.3 ambao sehemu yake ilijenga ICU na majengo ya dharura, zimeziachia hospitali nyingi nchini kuta nzuri. Sasa inatupasa kujua ndani ya kuta hizo tuweke nini na kwa kiasi gani. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya wenzangu wa kusini wanaokaa kwenye kamati hizo: waganga wafawidhi, makatibu wa afya, wauguzi viongozi, na vijana wa takwimu wanaoombwa namba asubuhi ya siku ya kikao.

Kwetu huku, kosa la hesabu hulipwa barabarani. Mgonjwa aliyekosa kitanda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ndani ya manispaa ileile. Wa Lindi mjini ana zaidi ya kilometa 100 mpaka Mtwara. Wa Masasi ana karibu kilometa 200, na wa Liwale anaanza safari yake mbali zaidi. Kanda nzima ikijaa, kinachofuata ni Muhimbili, zaidi ya kilometa 550 kutoka Mtwara, kwa barabara ileile iliyokatika upande wa Kilwa Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya. Mtu anayehitaji mashine ya kupumulia hasubiri daraja likarabatiwe. Ndiyo maana naamini namba hii inastahili kazi zaidi ya kuhesabu nafasi za vitanda kwenye ramani.

Kabla ya fomula: kitabu kipi kinasema kweli?

Hospitali nyingi zina vyanzo vinne vya data, na havilingani kwa ubora.

Cha kwanza ni rejesta ya ICU yenyewe. Ina jina, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na kama mgonjwa alitoka akiwa hai, alifariki au alihamishwa. Ni chanzo kizuri kwa kujua mgonjwa hukaa siku ngapi. Kwa kujua wagonjwa wangapi walihitaji kitanda, ni chanzo kibovu, kwa sababu kinamwandika aliyeingia tu. Daktari wa wodi ya wanaume akipiga simu saa nane usiku akauliza, "Sista, una kitanda?" naye akajibiwa, "Hamna Dokta, labda kesho asubuhi," mazungumzo hayo hayaandikwi popote. Mgonjwa atabaki wodini na oksijeni ya mtungi, na akifariki atahesabiwa kama kifo cha wodi. Kupanga ICU kwa rejesta ya ICU peke yake ni kupima kina cha kisima kwa kutazama maji yaliyomo ndooni.

Niweke mfano wa namba, kwa sababu hapa ndipo kamati nyingi zinapopotea. Chukua hospitali ya mfano ambayo kila siku, kwa wastani, hupata mgonjwa mmoja anayehitaji ICU, na kila mmoja hukaa wastani wa siku nne. Ina vitanda vinne. Kwa hesabu nitakayoieleza chini, wagonjwa wapatao 113 kati ya 365 wa mwaka watakuta vitanda vimejaa. Rejesta itaonyesha walioingia ni 252. Kijana wa takwimu atapiga hesabu na kukuta vitanda vilijaa kwa asilimia 69 tu. Kamati itaona ripoti, itaridhika kwamba kuna nafasi ya ziada, na itapeleka fedha kwingine. Hakuna aliyedanganya, na kila tarakimu kwenye ripoti ni sahihi. Ila karibu theluthi ya wagonjwa hawamo.

Chanzo cha pili ni rejesta za nje ya ICU: idara ya dharura, wodi, chumba cha upasuaji, wodi ya wazazi, na daftari la rufaa. Kwa akina mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kuna pia kumbukumbu za mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ule wa kupiga 115. Kuunganisha vitabu hivi kunachosha: jina huandikwa kwa namna tatu, umri hubadilika, namba ya jalada haipo. Lakini humo ndimo waliko wale waliokosa.

Cha tatu ni mifumo ya kompyuta. Ripoti za MTUHA, yaani takwimu za huduma ambazo kila kituo cha afya hukusanya, zinazoingia DHIS2, mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya, ni jumla za mwezi, na jumla ya mwezi haiwezi kukuambia Jumanne usiku walikuwepo wangapi. Zinafaa kuona mwelekeo wa miaka. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa ndani ya hospitali kama GoT-HoMIS una faida kubwa zaidi, kwa sababu kila tukio hugongwa muda. Hata hivyo, uangalie muda huo kabla ya kuuamini. Mgonjwa aliyeruhusiwa asubuhi lakini akaondolewa kwenye mfumo jioni baada ya malipo ataonekana alikaa kitandani mchana kutwa. Tena kuna saa zetu: muuguzi anaandika "saa 3" kitabuni akimaanisha asubuhi, anayeingiza kwenye kompyuta anaisoma kama saa 3:00 ya mfumo, yaani saa tisa usiku. Hapo saa sita zimepotea au zimeongezeka, na kwa mgonjwa wa ICU saa sita ni nyingi.

Cha nne wengi hawajakijaribu, nami ndicho ninachokipenda kuliko vyote: kuhesabu wagonjwa mahututi wote waliomo hospitalini kwa siku moja, wodi kwa wodi, bila kujali wamelala wapi. Utafiti mkubwa wa Afrika uliochapishwa 2025 ulifanya hivyo katika nchi 22 na kukuta kwamba takribani mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na karibu asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa kwenye wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Kipimo hakihitaji maabara. Kwa mtu mzima hutazamwa mambo kama oksijeni ya damu iliyo chini ya asilimia 90, kupumua chini ya mara 8 au zaidi ya 30 kwa dakika, mapigo ya moyo chini ya 40 au zaidi ya 130, namba ya juu ya presha iliyo chini ya 90, na fahamu zilizopungua sana. Wauguzi wawili wenye kipima oksijeni cha kidoleni na mashine ya presha wanaimaliza hospitali ya mkoa kwa siku. Ukirudia mara moja kila mwezi, kwa siku tofauti za wiki, utapata picha ambayo hakuna rejesta iliyowahi kukupa.

Angalizo moja: si kila mahututi anahitaji ICU yenye mashine. Wengi wanahitaji oksijeni, kulazwa kwa mkao sahihi, kunyonywa makohozi, maji ya mshipani kwa wakati, na mtu wa kuwatazama. Mwaka 2021 wataalamu walikubaliana juu ya orodha ya huduma za msingi za namna hiyo ambazo kila hospitali inapaswa kuwa nazo katika wodi zote. Kwa hiyo wahesabu katika makundi mawili, wanaohitaji huduma za msingi na wanaohitaji mashine ya kupumulia au dawa za kupandisha presha. Ukiwachanganya utaomba vitanda vya ICU 20 mahali panapohitaji sita na mitungi mingi ya oksijeni wodini.

Njia ya uwiano

Hii ndiyo rahisi kuliko zote: chukua idadi ya watu au ya vitanda vya hospitali, zidisha kwa kiwango fulani. Sensa ya 2022 iliipa Mtwara watu zaidi ya milioni 1.6 na Lindi karibu milioni 1.2, kwa hiyo hesabu inamalizika kabla chai haijaletwa.

Tatizo ni kiwango chenyewe. Kabla ya janga la UVIKO-19 Ujerumani ilikuwa na vitanda vya ICU takribani 34 kwa kila watu 100,000. Ukikitumia kwa Mtwara peke yake unapata zaidi ya 500. Uganda, kwa uchunguzi uliochapishwa 2020, ilikuwa na vitanda 1.3 kwa kila watu milioni moja. Ukitumia hicho, Mtwara inapata viwili. Njia inayotoa jibu kati ya 2 na 500 haijakusaidia kuchagua. Kiwango cha asilimia ya vitanda vyote vya hospitali ni hivyohivyo: hospitali ya vitanda 250 ukichukua asilimia 2 ni vitano, ukichukua 10 ni 25, na aliyechagua asilimia ndiye aliyechagua jibu.

Uwiano una kazi moja tu ninayoikubali, nayo ni kuonyesha wizarani pengo kati ya mkoa na mkoa. Kwa kupanga chumba, achana nao.

Njia ya wastani

Hapa data ya hospitali inaanza kufanya kazi. Zidisha wagonjwa wanaohitaji ICU kwa siku na wastani wa siku wanazokaa. Unapata idadi ya vitanda vinavyokaliwa kwa wakati wowote ule. John Little alithibitisha uhusiano huo kihesabu mwaka 1961, na unashika karibu kila mahali penye foleni. Kwa hospitali yetu ya mfano ni 1 mara 4, yaani mzigo wa vitanda 4. Kwa kuwa hutaki vitanda vijae muda wote, unagawa kwa kiwango cha kujaa unachokitaka, tuseme asilimia 75: 4 gawanya kwa 0.75 ni 5.3. Wenye ubahili wataandika vitano, wenye huruma sita.

Faida yake kubwa ni kwamba mtu yeyote kwenye kamati anaweza kuifuata kwa kikokotoo cha simu na kuuliza maswali. Mahali ambapo idara ya takwimu ni mtu mmoja anayehudumia kila kitu, hilo si jambo dogo.

Kuna mtego ndani yake unaohusu siku za kulazwa. Wagonjwa wa ICU hawafanani. Mama mwenye kifafa cha mimba anaweza kutoka baada ya siku mbili, wakati mwenye pepopunda akakaa wiki kadhaa. Tuseme wagonjwa kumi: tisa wamekaa siku mbili mbili na mmoja siku 22. Wastani wao ni siku nne, lakini ukiwapanga kwa foleni, wa katikati amekaa siku mbili. Ripoti nyingi za kitabibu hutoa hiyo namba ya katikati kwa kuwa haiyumbishwi na mgonjwa mmoja. Kwa kupanga vitanda, mgonjwa huyo mmoja ndiye anayekalia zaidi ya nusu ya siku-kitanda zote. Tumia wastani. Ukitumia namba ya katikati utajenga nusu ya ICU unayoihitaji.

Mtego wa pili ni mgumu kuugundua. Vitanda vikiwa vichache, madaktari huwatoa wagonjwa mapema ili kumpisha aliye hoi zaidi, na siku za kulazwa zinakuwa fupi kuliko inavyostahili. Kisha namba hiyo fupi inatumika kupanga vitanda vichache tena. Dalili yake ni wagonjwa wanaorudishwa ICU ndani ya siku mbili baada ya kutolewa, au wanaofariki wodini siku ileile waliyohamishwa. Kabla ya kuukubali wastani wako, watafute hao kwenye vitabu.

Njia ya Erlang

Agner Krarup Erlang alikuwa mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Alitaka kujua kampuni iweke laini ngapi ili wapigaji wasikute zote zinatumika, na fomula aliyoitoa mwaka 1917 inatumika hadi leo. Kitanda cha ICU kinachukua nafasi ya laini ya simu, mgonjwa nafasi ya mpigaji. (Mji huohuo wa Copenhagen ndiko Bjørn Ibsen alikoanzisha mwaka 1953 kile kinachotajwa mara nyingi kuwa ICU ya kwanza duniani, baada ya mlipuko wa polio wa 1952.)

Tofauti yake na njia ya wastani ni kwamba inakubali ukweli ambao kila muuguzi anaujua: wagonjwa hawaji mmoja mmoja kila siku saa nne asubuhi. Leo hamna, kesho watatu. Fomula inataka namba mbili tu, zilezile za njia ya wastani, na inakupa jibu la swali lililo na maana zaidi: kati ya wanaohitaji, ni asilimia ngapi watakuta pamejaa? Kwa mzigo wa 4 majibu ni haya:

| Vitanda | Watakaokosa | Vitanda vitajaa kwa |
|---|---|---|
| 4 | 31% | 69% |
| 5 | 20% | 64% |
| 6 | 12% | 59% |
| 7 | 6% | 54% |
| 8 | 3% | 48% |
| 9 | 1.3% | 44% |

Soma safu ya tatu kwa makini, maana ndiyo inayoleta mabishano na mhasibu. Chumba kidogo cha ICU kinachohudumia vizuri kitaonekana kitupu nusu ya wakati. Kile kinachoonekana kinatumika vizuri kwa asilimia 69 kinawageuza watu karibu mmoja kati ya watatu. Katika hospitali kubwa yenye vitanda 60 vya ICU, kujaa kwa asilimia 80 si tatizo kubwa, kwa sababu kitanda hakikosi kufunguka. Kwetu, penye vinne au sita, lengo la asilimia 80 lililokopwa kutoka kwao linaua. Nalisema kwa uzito huo.

Upande mwingine wa jedwali ni huu: njia ya wastani ilisema vitano au sita. Kwa vitano wanakosa 20 kati ya 100. Kwa sita, wapatao 43 kwa mwaka. Kwa vinane, 11. Kamati sasa inaweza kujadili jambo halisi, yaani tofauti ya watu 32 kwa mwaka kati ya vitanda sita na vinane, badala ya kubishana kuhusu asilimia ya kujaa.

Uzuri mwingine ni kwamba fomula hii haijali kama siku za kulazwa zimetawanyika sana au kidogo, wastani unatosha. Inafanyika kwenye Excel, mstari baada ya mstari: anza na 1, kisha kwa kila kitanda kinachoongezwa zidisha mzigo na jibu lililotangulia, ugawe kwa jumla ya idadi ya vitanda na hilo zao. Kijana wa takwimu ataimaliza kabla ya adhuhuri.

Udhaifu wake ni kudhani mwaka mzima uko sawa, na huku kusini mwaka hauko sawa. Mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka hadi kuelekea Aprili, malaria hupanda, na utafiti wa kitaifa wa 2022 uliiweka Mtwara miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa maambukizi kwa watoto wadogo. Minada ya korosho inapoanza Oktoba, fedha huingia vijijini na safari za bodaboda huongezeka. Kama data yako inaonyesha mawimbi kama hayo, wastani wa mwaka utayaficha. Tuseme miezi minne mzigo ni 6 na miezi minane ni 3; wastani bado ni 4. Kwa vitanda vinane, katika miezi myepesi hakosi hata mmoja kati ya 100. Katika miezi mizito wanakosa 12 kati ya 100, na jumla ya waliokosa kwa mwaka inakuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya jedwali. Dawa yake ni nyepesi: piga hesabu kwa miezi mizito peke yake, kisha panga vitanda viwili vya kufunguliwa msimu huo, na zamu za wauguzi zipangwe hivyo tangu mapema.

Jambo jingine ambalo Erlang halioni ni basi. Ajali moja kati ya Mtama na Mnazi Mmoja inaweza kuleta majeruhi wanne kwa saa moja, na hakuna fomula ya wastani inayokuandaa kwa hilo.

Njia ya uigaji wa kompyuta

Hapa kompyuta inatengeneza hospitali ya kubuni. Wagonjwa wa aina mbalimbali wanaingia kwa mpangilio uliochotwa kutoka data yako halisi, wanakaa, wanahamia wodi ya uangalizi wa karibu, wanarudi, wanafariki, wanapelekwa rufaa. Mwaka mmoja unaigizwa mara maelfu. Zana za bure zipo, kama SimPy kwa wanaotumia lugha ya programu ya Python na simmer kwa wanaotumia ile ya R.

Inajibu maswali ambayo Erlang hawezi. Itakuwaje ajali ikileta wanne kwa pamoja? Tukiongeza vitanda vinne vya uangalizi wa karibu badala ya viwili vya ICU, nani anafaidika? Gari la wagonjwa likiwa moja, mgonjwa wa Newala anasubiri muda gani? Barabara ikikatika wiki mbili?

Lakini inakula data. Inataka saa ya kuingia na kutoka kwa kila mgonjwa, sababu ya kulazwa, alikotoka na alikokwenda, kwa angalau mwaka mmoja, zilizosafishwa. Ukiilisha rejesta yenye mapengo itayajaza kwa dhana za mwandishi wa programu, kisha itoe michoro mizuri inayomnyamazisha kila mtu kikaoni. Hiyo ndiyo hofu yangu. Njia ya wastani ikikosea, sista wa ICU ataiona na kupinga. Uigaji ukikosea, nani kwenye kamati ataweza kuuliza?

Chumba kimoja kikubwa au viwili vidogo?

Data haikuambii idadi tu, inakuambia pia mahali. Chukua ule mzigo wa 4 na uugawe hospitali mbili, kila moja mzigo wa 2 na vitanda vinne. Kila hospitali itawakosesha 9 au 10 kati ya 100. Ukiviweka vitanda vyote vinane mahali pamoja, wanakosa 3 tu. Vitanda ni vilevile. Kinachobadilika ni kwamba kitanda kilicho wazi upande mmoja kinamfaa yeyote.

Kwa Ligula na Mitengo, zilizo katika mji mmoja, hoja hii ina nguvu. Hata bila kuhamisha kitanda kimoja, hospitali mbili zikiwa na namba moja ya simu na orodha moja ya vitanda vilivyo wazi, zinakaribia faida ya chumba kimoja. Ni jambo la gharama ndogo kuliko yote niliyoyataja hapa.

Kwa Mtwara na Lindi hesabu inageuka. Fomula haina barabara ndani yake. Mgonjwa wa Ruangwa au Kilwa aliyehesabiwa kuwa amepata kitanda Mtwara lazima kwanza afike akiwa hai. Kwa hiyo Lindi ibaki na chumba chake hata kama kwenye karatasi kinaonekana kina upungufu wa ufanisi, na data ya kuangalia ni ile ya waliofariki njiani au ndani ya saa chache baada ya kufika. Kwa Masasi naona kuna hoja kama hiyo, kwa sababu ya umbali na wagonjwa wanaotoka Nanyumbu, Newala na Nachingwea, ingawa hapo ningeanza na uangalizi wa karibu wenye oksijeni ya uhakika kabla ya mashine za kupumulia.

Kitanda kisicho na mtu

Njia zote nne zinahesabu vitanda, na kitanda hakimhudumii mtu. Kila nafasi moja ya muuguzi inayotakiwa kujazwa usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Ukigawa kwa saa 40 ni watu 4.2, na ukiongeza likizo, ugonjwa na mafunzo unafika kama watano. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili, vitanda sita vinataka nafasi tatu, yaani wauguzi 15. Vitanda vinane vinataka 20. Kama ikama yako ina wauguzi tisa wa ICU, basi una vitanda vitatu au vinne vinavyofanya kazi, haijalishi vimenunuliwa vingapi, na kwenye fomula uingize hivyo hivyo vitatu au vinne.

Oksijeni nayo ihesabiwe namna hiyo. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, kwa mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika, unaisha kwa saa 11 na ushee. Wagonjwa wanne wa namna hiyo wanamaliza mitungi minane hadi tisa kwa siku. Hospitali yenye mtambo wake ina nafuu, mradi umeme upo na jenereta ina mafuta.

Ningechagua ipi

Kwa hospitali ya wilaya au ya misheni isiyo na ICU, kama ilivyo nyingi katika mikoa hii miwili, fomula yoyote ni mapema mno. Fanyeni ile hesabu ya siku moja kila mwezi kwa miezi sita. Itawaambia mnahitaji oksijeni na wauguzi wangapi wodini, na ni wangapi kweli wangehitaji mashine.

Kwa hospitali ya rufaa ya mkoa, njia ya Erlang ndiyo chaguo langu, kwa masharti mawili: namba ya wanaohitaji iwe imejumuisha waliokosa, na hesabu ipigwe kwa miezi mizito. Njia ya wastani itumike kama ukaguzi wa haraka, ili kosa la kuandika lionekane. Lengo la waliokosa liamuliwe na kamati kwa sauti na kuandikwa kwenye muhtasari. Mimi ningeanzia 5 kati ya 100.

Kwa Hospitali ya Kanda, ambayo inapokea kutoka pande zote na ina mfumo wa kompyuta, uigaji unafaa, baada ya mwaka mmoja wa data safi, na ufanywe pamoja na hospitali za mikoa zinazoiletea rufaa. Ukifanywa kwa hospitali moja pekee unapoteza kile kinachoufanya uwe bora kuliko Erlang.

Na kwa wote, kuna daftari moja la kuanza nalo wiki hii, kabla ya programu yoyote. Likae kwenye meza ya zamu ya ICU na liwe na safu saba: tarehe, saa kwa mtindo wa saa 24, wodi au hospitali iliyopiga simu, umri wa mgonjwa, sababu, kilichokosekana kati ya kitanda, muuguzi, mashine na oksijeni, na hali ya mgonjwa baada ya siku saba. Safu ya sita ndiyo itakayowashangaza wengi, kwa sababu mahali pengine itaonyesha kwamba kitanda kilikuwepo na kilichokosekana ni muuguzi. Safu ya saba muuguzi wa zamu hataweza kuijaza mwenyewe, hivyo akabidhiwe mtu wa takwimu, apite wodini kila Ijumaa na orodha mkononi.